Pesa za Simu: Ujira ni Halali, Mkopo Je?

Mwanafunzi wa hapa Kinindo ambaye wazazi wake wako Rumonge, zamani alisubiri bahasha kwa dereva wa basi. Leo ujumbe wa Lumicash unaingia yeye akiwa darasani.

Faida ya jambo hili imepimwa kwa jirani zetu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007. Mwaka 2016 watafiti Tavneet Suri na William Jack walikadiria kuwa iliziondoa kaya 194,000 katika umaskini, yaani asilimia 2 ya kaya zote za Kenya, na kaya zinazoongozwa na wanawake zilinufaika zaidi. Simu haikuwapa watu mali mpya. Iliwakaribisha jamaa: mvua ikikosekana kijijini, ndugu aliye mjini hutuma siku hiyo hiyo, na ng'ombe hauzwi.

Mafaqihi walilijua suala hili kwa jina la suftaja: unamkopesha mtu fedha hapa, unalipwa mji mwingine, unaepuka hatari ya njia. Mashafii waliikataza ikishurutishwa, kwa kuwa mkopeshaji anavuna manufaa. Ibn Taymiyya aliiruhusu, akiona pande zote mbili hunufaika. Kwa huduma ya simu, wanazuoni wengi wa leo wanaiona ada ya kutuma kuwa ujira wa kazi, nami sioni tatizo hapo.

Tatizo liko kwenye mkopo. M-Shwari, iliyoanza Kenya Novemba 2012, ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30: ukikopa 10,000, unarudisha 10,750. Jina lake ni "ada". Lakini Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, ilipokutana Amman mwaka 1986, iliruhusu ada ya mkopo kwa kiasi cha gharama halisi tu, na kinachozidi ni riba. Sasa, kazi ya kukopesha 100,000 kwa simu inazidi vipi mara kumi ile ya kukopesha 10,000? Kompyuta ni ile ile.

Baada ya Alasiri ndugu mmoja aliniuliza: mama akiugua usiku, na mkopo huo ndio ulio karibu? Nilimwambia aanze kupigia watu kumi, kila mmoja atume kidogo alichonacho. Akacheka, akasema namba yangu itakuwa ya kwanza.