Kati ya Nathani na Hamani

Somo: 2 Samweli 12:1-14, Esta 3:1-6, Warumi 11:17-21

Tangu vita vya Gaza vianze Oktoba 2023 swali moja limenifuata kwenye ushirika wa nyumbani na hata kwa simu: "Pasta, nikisema Israeli imekosea, nimejilaani?" Wazee wetu wengi huleta Mwanzo 12:3, mjadala unafungwa hapo. Vijana nao wanasema tumefumbia macho watoto wanaokufa. Wawili watatu wameacha kuja ibada kwa ajili ya jambo hili.

Hebu tuanze na Nathani. Alimwendea Daudi, mfalme aliyetiwa mafuta, akamtajia damu ya Uria usoni. Nani alimwita Nathani adui wa Israeli? Waisraeli wenyewe, mwaka wa 2023 kabla ya vita, walijaa barabara za Tel Aviv wiki baada ya wiki kupinga mpango wa serikali ya Netanyahu wa kupunguza nguvu za mahakama. Basi Mkristo wa hapa akiuliza kuhusu mabomu ya Gaza, au makazi ya walowezi kule Ukingo wa Magharibi, hajatenda dhambi. Nilisomea biashara: mwenye hisa anayeuliza maswali makali kwenye mkutano wa mwaka hachukii kampuni. Kumwita kila mkosoaji adui wa Wayahudi ni kumzulia.

Sasa Hamani. Ugomvi wake ulikuwa na mtu mmoja, Mordekai, lakini akatafuta kuangamiza taifa zima. Mpaka uko hapo. Ukitoka "serikali hii imefanya hivi" ukafika "Wayahudi ndivyo walivyo," umevuka. Karibu nusu ya Wayahudi duniani hata hawaishi Israeli. Mwenye duka Myahudi kule Paris ajibu vipi kwa amri ya jeshi la Israeli? Sisi Wakenya tuliona matunda ya fikra hiyo tarehe 28 Novemba 2002, hoteli ya Paradise pale Kikambala. Waisraeli watatu waliouawa walikuwa wageni tu, wawili kati yao watoto. Wakenya kumi walikufa pamoja nao.

Kuna pia ile meseji ya WhatsApp, ati Wayahudi wanamiliki benki zote za dunia. Wapendwa, fungueni ripoti ya mwaka ya benki yenu muone wenye hisa ni akina nani! Uvumi huu ni wa kale. Zamani huko Ulaya kanisa lilikataza Wakristo kukopesha kwa riba, na Wayahudi wakafungiwa kazi nyingi, hivyo baadhi wakabaki na ukopeshaji. Mwaka wa 1903 kikachapishwa Urusi kitabu kinachodai wazee wa Kiyahudi wanapanga kutawala dunia. Gazeti la The Times la London lilionyesha mwaka wa 1921 kwamba kilikuwa cha kughushi, lakini hadi leo kinasambazwa.

Na tusijione wasafi. Martin Luther, tunayemheshimu, aliandika mwaka wa 1543 akitaka masinagogi yachomwe. Paulo alikuwa ameshaonya matawi ya mzeituni mwitu yasijisifu.

Jambo moja ni gumu zaidi: anayesema nchi ya Israeli haifai kuwepo kabisa. Mimi humuuliza, je, kuna nchi nyingine unayoisemea hivyo kwa sababu ya makosa ya serikali yake? Na wale Wayahudi milioni saba waende wapi? Vilevile humuuliza anayeitetea Israeli kwa kila kitu: Mkristo Mpalestina wa Bethlehemu umemweka wapi? Jumatano jioni tutaketi na maswali haya. Wanaotofautiana nami, tafadhali njooni, mbebe Biblia.