Madini ya Kijani ya Baharini na Udongo Mwekundu wa Loresho

Mtu achimbaye shimo huko Loresho, upande wa magharibi wa mji wa Nairobi, hukuta udongo mwekundu juu hata chini, na mara nyingi huenda mita kadhaa bila ya kuona rangi nyingine. Udongo huo hushika nguo, viatu na kuta za nyumba, na wenyeji wa Kangemi, Kabete na Kitisuru waujua vema, maana ndio uliowalisha wazee wao. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa kile kiutiacho udongo huo wekundu wake ndicho kitiacho rangi ya kijani mchanga fulani ulioko chini ya bahari. Kitu hicho ni chuma.

Mchanga huo wa kijani huitwa na wataalamu glaukonaiti. Habari zake zafaa kujulikana na kila mkulima, kwanza kwa sababu ndani yake mna chakula cha mimea, na pili kwa sababu asiyezijua aweza kutoa fedha zake kwa kitu kisichomfaa.

GLAUKONAITI NI NINI?

Glaukonaiti ni ndugu wa ulanga. Ulanga ni yale madini yang'aayo, yabandukayo magamba membamba kama kurasa za kitabu, ambayo yalichimbwa kwa miaka mingi katika milima ya Uluguru, Tanzania. Lakini mtu akitazama glaukonaiti kwa macho matupu hataona magamba. Ataona punje ndogo za mviringo, nyingi hazizidi milimita moja kwa upana, zenye rangi ya kijani kibichi au ya kijani iliyokolea hata kukaribia weusi. Magamba yamo, ila ni madogo mno, hata yahitaji darubini yenye nguvu nyingi.

Punje hizo ni laini, na ukucha wa kidole waweza kuzikwaruza. Ndani yake mna chuma, silika, alumini, magnesi, maji, na ile chumvi iitwayo potasi, ambayo mimea haiwezi kuishi bila hiyo. Jina la glaukonaiti lilitolewa mwaka 1828 na mtaalamu Mjerumani, Christian Keferstein, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya rangi ya bahari, iliyo kati ya kijani na buluu.

JINSI INAVYOFANYIKA

Mfano mzuri wa kueleza jambo hili ni kazi ya mchoma makaa. Kuni zikiungua mahali penye hewa tele huwa majivu. Lakini mchoma makaa akizifunika kwa udongo na kuacha hewa kidogo tu, kuni zile zile huwa makaa meusi. Kuni ni zile zile. Kilichotofautiana ni hewa.

Ndivyo kilivyo chuma. Kikipata hewa tele huwa kutu nyekundu. Kikinyimwa hewa kabisa ndani ya tope zito la bahari, mara nyingi huungana na kiberiti kikawa madini mengine, na tope likawa jeusi. Bali kikikaa katikati, sehemu yake kubwa ikapata oksijeni na sehemu ndogo isipate ya kutosha, hapo rangi ya kijani yaweza kutokea.

Bahari ina mahali pengi palipo na hali hiyo ya katikati. Huko chini huishi wanyama wadogo sana, wengine wenye makombe yasiyozidi ukubwa wa chembe ya mchanga. Wakifa, makombe yao hutua chini, pamoja na vinyesi vya wanyama wengine vilivyo kama vidonge vidogo. Ndani ya kombe au kidonge hicho mabaki huoza, na kuoza huko hula oksijeni. Lakini maji ya nje bado yana oksijeni. Basi kila chembe huwa kama tanuru ndogo ya makaa iliyofunikwa nusu. Chuma huingia kwanza katika udongo laini uliomo ndani ya chembe, kisha potasi iliyomo katika maji ya bahari hujipenyeza polepole kati ya magamba yake. Hapo mwanzo potasi huwa kama asilimia 3 tu ya uzito wa chembe. Inapokomaa hufika asilimia 8 au kuzidi.

Kazi hii yataka muda mrefu sana. Chembe huhitaji maelfu mengi ya miaka, na ili kukomaa kabisa yaweza kuhitaji hata miaka kama milioni moja. Katika muda wote huo haifai ifunikwe upesi na tope jipya, kwa maana ikizikwa hukatwa na maji ya bahari yanayoilisha. Kwa hiyo mahali ambapo mito mikubwa kama Tana na Sabaki humwaga tope jingi baharini hapaifai. Mahali paifaapo ni ule ukingo wa bara ulio chini ya maji, kwa kawaida katika kina cha mita 50 hadi 500, ambapo mashapo hutua kidogo kidogo. Mahali pa namna hiyo panapojulikana sana katika Afrika ni Agulhas, kwenye ncha ya kusini ya bara. Meli ya Kiingereza Challenger, iliyozunguka bahari za dunia tangu mwaka 1872 hata 1876, ilikusanya mashapo ya chini ya bahari, na matope na michanga ya kijani ilielezwa kwa urefu katika kitabu cha safari hiyo kilichotolewa mwaka 1891.

KWA NINI HAIPATIKANI LORESHO?

Loresho iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na miamba iliyo chini yake si mashapo ya bahari. Ni mawe ya volkeno, yaliyomwagika zamani wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likifanyika. Mvua na joto vimeyaozesha mawe hayo kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya chumvi zake zimechukuliwa na maji. Chuma kimebaki, kikakutana na hewa, kikawa kutu. Huo ndio wekundu wa Loresho.

Hata glaukonaiti yenyewe ikitolewa baharini na kuachwa juani na mvuani miaka mingi, huanza kuharibika na kugeuka rangi ya kahawia ya kutu. Na mtu akiona doa la kijani katika jiwe la volkeno asidhani kwamba bahari ilifika hapo. Yako madini mengine yaitwayo seladonaiti, jamaa ya karibu ya glaukonaiti, ambayo hufanyika katika matundu ya mawe ya volkeno. Rangi peke yake si shahidi wa kutosha.

KAZI ZAKE

Kwa wachunguzi wa miamba, glaukonaiti ni dalili kwamba tabaka lile lilikuwa chini ya bahari, na kwamba mashapo yalitua polepole. Gesi ya Pande katika jimbo la Inhambane, Msumbiji, iliyogunduliwa mwaka 1961, imekaa katika mawe ya mchanga yenye glaukonaiti.

Tena yaweza kutumiwa kama saa. Sehemu ndogo ya potasi hugeuka polepole kuwa hewa iitwayo agoni. Nusu yake hugeuka katika miaka kama milioni 1,250. Wataalamu wakipima agoni iliyokusanyika hupata umri wa jiwe. Kwa njia hiyo, mwaka 1961 ilitangazwa kwamba tabaka la majivu ya volkeno huko Olduvai, lilikoonekana fuvu lile mashuhuri la mwaka 1959, lina umri wa miaka kama milioni moja na robo tatu. Palipo na mashapo ya bahari yasiyo na majivu ya volkeno, glaukonaiti huweza kutumika badala yake.

Katika maji, mchanga huu uliopakwa manganizi hutumika kuchuja maji ya visima yenye chuma kingi. Lakini isidhaniwe kwamba huondoa floridi, ambayo ndiyo tatizo la visima vingi vya Nairobi na ambayo huharibu meno ya watoto. Dawa yake ni nyingine.

JE, NI MBOLEA?

Hapa ndipo mkulima anapopaswa kuangalia sana. Ni kweli kwamba wakulima wa New Jersey, Marekani, katika karne ya 19 walichimba mchanga wa kijani na kuutandaza mashambani, nao uliwafaa. Lakini chumvi za potasi zilipoanza kuchimbwa Stassfurt, Ujerumani, mwaka 1861, mbolea nyepesi kubeba na yenye nguvu zaidi ilipatikana.

Hesabu yenyewe ni hii. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kawaida ya potasi, yenye asilimia 60, una kilo 30 za potasi. Mchanga wa kijani wenye asilimia 6 utahitajiwa kilo 500, yaani mifuko kumi, ili kutoa kiasi hicho hicho. Tena potasi iliyomo imeshikwa kati ya magamba, nayo hutoka polepole kwa miaka mingi. Mahindi au viazi vya msimu huu havitangoja. Basi mtu akiuziwa unga wa jiwe la kijani kwa bei ya mbolea, na aulize kwanza una potasi kiasi gani, na kiasi gani chaweza kuliwa na mmea katika msimu mmoja.

Lililo bora zaidi ni kujua kwanza kama shamba lina upungufu wa potasi au la. Huko huko Loresho, katika Barabara ya Kaptagat, yako makao makuu ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, KALRO, na karibu yake, Kabete, iko maabara ya udongo. Mkulima na achukue udongo kidogo kutoka sehemu mbalimbali za shamba lake, auchanganye vema katika ndoo safi, kisha apeleke sehemu yake kupimwa. Majivu ya kuni za jikoni nayo yana potasi, wala hayanunuliwi. Ila yasimwagwe mengi mahali pamoja, kwa kuwa ni makali.

Macho huona wekundu wa udongo na ukijani wa mchanga, lakini hayawezi kuona potasi. Potasi hujulikana kwa kupimwa tu, na mkulima apimaye kabla ya kununua hatapoteza fedha zake.