Vitwitwi, Wageni wa Tope la Changamwe

Mtu asimamaye ufukoni Changamwe au Kisauni wakati wa maji kupwa, tangu Septemba mpaka Aprili, huona ndege wadogo wakikimbia juu ya tope na kudonoa. Hao ni vitwitwi. Wengi hudhani kuwa ndege hao ni wenyeji wa hapa, na kwamba kwa wingi wao hawawezi kwisha. Dhana zote mbili si sahihi.

Yuko kitwitwi mmoja mwenye mdomo mrefu uliopinda kwenda chini. Huyu hutaga mayai yake Siberia, kaskazini kabisa ya Urusi, katika nchi tambarare isiyoota miti. Kiangazi cha huko ni kifupi, na baridi ikikaribia yeye huruka maelfu ya maili mpaka Afrika, ingawa uzito wake ni kama gramu 60 tu. Kabla ya kurudi kwao hana budi kunenepa, kwa maana mafuta ya mwilini ndiyo masurufu ya safari. Mafuta hayo huyapata kwa kula minyoo na wadudu wa topeni. Akikosa tope lenye chakula hana nguvu ya kufika. Na asiyefika hatagi.

Mwaka 2024 Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Maumbile ulimtia ndege huyu katika orodha ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka duniani. Sababu kubwa moja ni kufukiwa kwa fuko za tope alizozoea kupumzikia na kula njiani, hasa katika Asia ya mashariki.

Mombasa nayo ina mafunzo yake. Mwaka 1929 tuta la barabara lilijengwa Makupa, na mkondo wa maji ukazibwa. Mwaka 1988 mafuta yapatayo tani 5,000 yalimwagika katika hori hilo, na mikoko mingi ikafa. Lakini mwaka 2022 daraja jipya lilifunguliwa, na maji yakapata kupita tena. Kwa hiyo lililoharibiwa na watu laweza kutengenezwa na watu.

Basi yafaa nini? Kwanza, takataka na mafuta machafu yasitupwe horini. Pili, mikoko ipandwe pale ilipokatwa, kama wafanyavyo wenyeji wa Jomvu na Mikindani. Isipandwe katika tope tupu ambalo halikuwa na mikoko tangu zamani, kwa kuwa mara nyingi hufa, na ikiota huwanyima ndege mahali pa kulia. Tatu, watoto wafundishwe kutowapiga mawe ndege wanaopumzika wakati maji yamejaa.

Tope hilo hilo huwapa wavuvi wa Mtongwe na Tudor kamba na kaa. Alitunzaye hamtunzii mgeni peke yake, bali hutunza na chungu chake mwenyewe.