MAMA, MUTOTO WAKO ANASIKIA?

Mama mumoja alileta mutoto siku ya kupima watoto. Mutoto alikuwa na miaka mbili na nusu, kilo zake nzuri, lakini hakusema hata "mama". Mama akasema: "Iko muvivu tu. Baba yake vilevile alichelewa." Muganga akasimama nyuma ya mutoto, akagonga sahani. Mutoto hakugeuka. Hakuwa muvivu: hakusikia. Na miaka mbili ilikwisha kupita.

Mutoto anajifunza kusema kwa kusikia. Ndiyo sababu inafaa tumujue asiyesikia mapema, asaidiwe mbele ya miezi 6. Kuna inchi ambako mutoto anapimwa kwa mashini siku za kwanza. Kwetu mashini ni haba. Basi mama, wewe ndiwe wa kwanza kupima.

Usidanganyike. Asiyesikia naye analia, anacheka, na miezi ya kwanza anatoa sauti kama wengine. Kisha sauti zinapunguka. Tena macho yake ni makali: akiona kivuli chako, atageuka, nawe utafikiri amesikia.

ANGALIA:
1. Mutoto muchanga: kelele ya gafula inamushitusha.
2. Miezi 3 au 4: sauti ya mama inamutuliza.
3. Miezi 6 au 7: anageuza kichwa kutafuta sauti.
4. Miezi 9 au 10: anasema "ba-ba-ba", "ma-ma-ma".
5. Mwaka 1: anajua jina lake.
6. Miaka 2: anaunganisha maneno mawili: "mama, maji".

KUPIMA NYUMBANI (tangu miezi 7)
Tafuta pahali pa kimya. Mutu mwingine amupakate mutoto, aangalie mbele. Wewe simama nyuma, kidogo kando, asikuone. Usikanyage kwa nguvu. Mwite kwa sauti ndogo. Kisha sugua kijiko ndani ya kikombe. Fanya hivi upande wa kuume na wa kushoto. Kama hageuki, rudia siku ingine. Kama hageuki tena, mulete hospitali. Na hata akigeuka, kama wewe mama ungali na mashaka, mulete.

MULETE UPESI kama alizaliwa mbele ya wakati, hakulia alipozaliwa, alikuwa manjano sana, aliugua menenjite au surua, alipigwa sindano za streptomisini ao jentamisini, ao sikio linatoka usaha. Usitie mafuta, mukojo wala maji ya majani ndani ya sikio. Kausha usaha kwa kitambaa safi kilichosokotwa.

Masikio mengine yanapona kwa dawa. Na yasipopona, mutoto hakulogwa, wala hana upumbavu. Sema naye uso kwa uso, tumia mikono na ishara, umutafutie masomo ya viziwi. Akili yake ni nzima, inangoja mulango.

MAULIZO
1. Sababu gani tunasimama nyuma ya mutoto tukimupima?
2. Jirani akisema, "Ngoja, atasema tu", utamujibu nini?