Majani Ni Mepesi, Kinachomwagwa Juu Ndicho Kizito

SOMO LA KIKUNDI: CHAKULA NA AFYA

Lengo la somo: Mwisho wa somo hili kila mwanakikundi aweze kueleza kwa nini saladi ya hotelini inaweza kuwa na nguvu sawa na sahani ya ugali, na aweze kupima mafuta anayoweka kwenye mboga nyumbani kwake.

Muda: Saa moja na nusu.

Vifaa: Yai moja, limau moja, mafuta ya kupikia ya maji, bakuli, kijiko cha mezani, kijiko cha chai, vipande vya karatasi ya kaki, na unga wa chapati. Unga ni wa mwisho wa zoezi, msiusahau.



Mtu akiambiwa kliniki apunguze uzito, jambo la kwanza analofikiria ni kuacha ugali na kula majani. Akienda mjini kwa shughuli za benki, anaingia hotelini, anaruka chapati na maharagwe, anaagiza saladi. Anatoka akiwa ametosheka na roho yake imetulia, maana ameona ametii. Baada ya miezi mitatu anapanda kwenye mizani na mshale haujasogea hata kidogo. Majirani wanasema, "Huyu anakula usiku kwa siri." Naye mwenyewe anakata tamaa. Wengine huacha hata kurudi kliniki kwa aibu, na hapo ndipo hasara kubwa inapoingia, hasa kwa mwenye presha au ugonjwa wa sukari.

Mtu huyu hakudanganya. Alikula majani kweli. Shida ni kwamba hakuna aliyemwonyesha kilichokuwa juu ya majani.

Na si mmoja wala wawili. Katika uchunguzi wa idadi ya watu na afya uliofanywa hapa Kenya mwaka 2014, wanawake 33 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliopita kiasi. Hiyo ni karibu mama mmoja kati ya watatu. Hebu mtazamane hapo mlipoketi.

1. Kalori ni nini?

Kalori ni kipimo cha nguvu iliyo ndani ya chakula, kama vile lita ilivyo kipimo cha maziwa na kilo kipimo cha mahindi. Mwili unatumia nguvu hiyo kulima, kuchota maji, kupumua, hata kulala. Ikizidi, mwili hauitupi. Unaiweka akiba, na akiba yenyewe ni mafuta ya tumboni na kiunoni.

Mtu mzima anahitaji takriban kalori 2,000 hadi 2,500 kwa siku, kulingana na umri, mwili na kazi yake. Anayeshinda na jembe anahitaji zaidi ya anayeshinda ameketi dukani.

Sasa angalieni tofauti hii. Gramu moja ya wanga, kama unga au sukari, ina kalori 4. Gramu moja ya protini ina kalori 4. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Maji hayana kalori. Kwa kuwa mboga ni maji kwa sehemu kubwa, kalori zake ni chache: gramu 100 za tango zina kalori 15 hivi, nyanya 18, kabeji 25.

Lakini kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kina kalori 120. Yaani kijiko kimoja tu kina nguvu sawa na karibu nusu kilo ya kabeji. Kabeji nusu kilo utatafuna mpaka taya zichoke. Kijiko cha mafuta kinapita bila wewe kujua.

2. Zoezi la kwanza: Tufiche mafuta

Mwezeshaji atenge kiini cha yai kwenye bakuli, aongeze kijiko kimoja cha mezani cha maji ya limau, akoroge. Kisha mwanakikundi mmoja amimine mafuta kidogo kidogo, tone kwa tone mwanzoni, huku mwenzake akikoroga bila kupumzika. Endeleeni mpaka mafuta yafike vijiko 6 vya mezani. Wengine wahesabu vijiko kwa sauti.

Mtaona mchanganyiko unageuka kuwa mzito na mweupe kama maziwa yaliyoganda. Ulizeni: "Mafuta yako wapi?" Hayaonekani. Hayaelei juu wala hayang'ai. Kiini cha yai kimeyashika katika matone madogo sana na kuyachanganya na maji ya limau. Lakini yamo yote sita, kalori 720, pamoja na za kiini chenyewe kama 55. Jumla ni karibu 775, zaidi ya theluthi ya mahitaji ya siku nzima ya watu wengi.

Hiki mlichotengeneza ndicho kinachoitwa mayonezi. Ndicho kile cheupe kinachochanganywa na kabeji mbichi na karoti katika koleslo inayoletwa pamoja na chipsi na kuku. Sheria ya vyakula ya Marekani inataka mayonezi iwe na mafuta yasiyopungua asilimia 65 ya uzito wake. Mtu akikuambia ni "mchuzi tu wa saladi", mkumbuke zoezi hili.

Angalizo: Msile mchanganyiko huu ukiwa mbichi, kwa sababu yai bichi linaweza kuleta ugonjwa. Pia usitupwe. Ukandeni na unga wa chapati, mpike vizuri, mgawane.

3. Zoezi la pili: Tuhesabu sahani

Andikeni ubaoni au kwenye karatasi kubwa. Hii ni saladi ya kuku kama zinavyouzwa katika hoteli nyingi za mjini. Hesabu ni za makadirio.

Majani ya letusi, tango na nyanya, gramu 200: kalori 40.
Yai moja la kuchemsha: 75.
Kuku aliyepakwa unga na kukaangwa, gramu 100: 260.
Jibini, gramu 30: 120.
Vipande vya mkate vilivyokaangwa, gramu 30: 140.
Mchuzi mweupe wa saladi, vijiko 4 vya mezani: 280.
Jumla: 915.

Sasa andikeni upande wa pili sahani tunayoijua.

Ugali wa unga gramu 150: kalori 540.
Sukuma wiki gramu 150, iliyopikwa kwa kijiko kimoja cha mezani cha mafuta: 180.
Kikombe cha maharagwe ya kuchemsha: 230.
Jumla: 950.

Mnaona? Zimekaribiana sana. Lakini mwenye ugali amekula akijua amekula, na hatarudi mezani haraka. Mwenye saladi anaamini hajala kitu, kwa hiyo saa kumi anaagiza chai na mandazi bila wasiwasi. Pia angalieni mstari wa kwanza. Katika kalori 915, majani yenyewe ni 40 tu. Zote zilizobaki zimeletwa na vilivyowekwa juu.

Kachumbari yetu ya nyanya, vitunguu, dhania, pilipili na limau ni chakula chepesi kwelikweli. Bakuli dogo halifiki kalori 50. Ila tukiongeza nusu avokado tumeongeza kama kalori 160, na njugu karanga zinazojaa kiganja ni kama 170. Avokado na njugu ni vyakula vizuri sana, wala sisemi mviache. Nasema vihesabiwe kama chakula, visichukuliwe kama pambo.

4. Maneno ya kwenye chupa

Wengi wetu tunasoma kwenye chupa: "Hayana kolesteroli." Ni kweli, lakini mafuta yote ya mimea hayana kolesteroli, tangu zamani. Maneno hayo hayasemi lolote kuhusu kalori. Yawe ya alizeti, mahindi, au yale ya bei ghali yanayoitwa ya zeituni, kijiko cha mezani ni kalori 120 zile zile. Kwa moyo, mafuta ya maji ya mimea kama alizeti yanafaa kuliko yale ya mgando. Kwa uzito, hakuna tofauti.

Na mchuzi ulioandikwa kwamba umepunguzwa mafuta mara nyingi huongezwa sukari ili ladha irudi. Someni upande wa nyuma wa chupa kabla ya kuamini maandishi makubwa ya mbele.

5. Tusikimbie mafuta kabisa

Hapa naomba tusikilizane vizuri, kwa maana somo hili likieleweka vibaya litaumiza watoto.

Mafuta yana kazi mwilini. Vitamini A, D, E na K haziingii vizuri mwilini bila mafuta kidogo. Ukila karoti na sukuma wiki kavukavu, sehemu kubwa ya faida inapotea. Kwa hiyo mboga iwekwe mafuta, lakini yapimwe.

Tena, wapo wanaohitaji nguvu nyingi katika chakula kidogo: mtoto mdogo ambaye tumbo lake halibebi chakula kingi, na mgonjwa aliyekonda. Hao waongezewe mafuta, njugu au avokado kwenye uji na mboga. Asitokee mama wa kumnyima mtoto mafuta ati kikundi kilifundishwa hivyo.

Naye anayetumia dawa za ugonjwa wa sukari asipunguze chakula ghafla kabla ya kuongea na wahudumu wa kliniki, kwa sababu sukari ya damu inaweza kushuka kupita kiasi.

Kwa mtu mzima mwenye afya, Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yasizidi asilimia 30 ya nguvu yote ya siku. Kwa anayehitaji kalori 2,000, hiyo ni 600, yaani vijiko 5 vya mezani. Na humo yamo pia yaliyo ndani ya maziwa, nyama na njugu. Kwa hiyo ya kumimina kwenye sufuria ni machache zaidi.

Jipimeni hivi. Lita moja ya mafuta ina vijiko vya mezani kama 66. Nyumba ya watu watano ikimaliza lita moja kwa siku saba, kila mtu amekula karibu vijiko viwili kwa siku. Ikimalizika kwa siku tatu, kila mtu amekula zaidi ya vijiko vinne, na bado hatujahesabu maziwa wala nyama. Pigeni hesabu ya nyumba zenu.

6. Kwa vikundi vinavyopika kwenye harusi na mikutano

Hapa kuna afya na kuna fedha. Tuseme mmepewa kazi ya kulisha watu 100 na koleslo imo. Mkiweka vijiko 2 vya mezani vya mayonezi kwa kila sahani, mnahitaji lita 3 za mayonezi. Kila sahani ya koleslo inapata kama kalori 220, na kabeji na karoti zimechangia 30 tu.

Mkikata kabeji ile ile nyembamba, mkaisugua kwa chumvi kidogo, mkaweka maji ya limau na kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwa kila mtu, mtatumia nusu lita ya mafuta kwa watu wote 100. Kila sahani itakuwa na kalori zisizofika 80. Mweka hazina na alinganishe bei ya lita 3 za mayonezi na nusu lita ya mafuta na malimau. Anayetaka cheupe, wekeni bakuli kando na kijiko, ajipakulie mwenyewe.

7. Ukiwa hotelini, uliza

Mji wa New York ulianza mwaka 2008 kuzitaka hoteli zenye matawi mengi ziandike kalori za kila chakula, na tangu Mei 2018 sheria ya Marekani nzima inazitaka hoteli zenye matawi 20 au zaidi zifanye vivyo hivyo. Hoteli nyingi tunazoingia sisi hazina hesabu hiyo ukutani, basi tuibebe kichwani.

- Omba mchuzi wa saladi uletwe kando. Chovya uma kwanza, kisha uchome majani. Utatumia kidogo sana.
- Uliza kama kuku amechomwa, amechemshwa au amekaangwa.
- Omba limau badala ya mchuzi mweupe.
- Huna hakika? Futa kipande kwa karatasi ya kaki, uiache ikauke. Doa la maji litatoweka. Doa la mafuta litabaki, na ukiinua karatasi mwanga utapenya.

Kuuliza si kuringa. Anayelipa ana haki ya kujua anachokula.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni chakula gani tunachokiita chepesi ambacho leo tumeona si chepesi?
2. Nyumbani kwenu nani anamimina mafuta, na anapima kwa nini?
3. Mwenzetu akijitahidi kupunguza uzito na asifaulu, huwa tunamwambia nini? Tungemsaidiaje?
4. Kama kikundi chenu kinapika kwa malipo, mngebadilisha nini kwanza?

Kazi ya nyumbani: Kila mmoja aandike tarehe kwenye chupa ya mafuta siku anayoifungua, na tarehe inapokwisha. Mkutano ujao leteni tarehe hizo na idadi ya watu wanaokula, mpige hesabu pamoja. Atakayekuja na hesabu kubwa asichekwe. Ndiye atakayefaidika zaidi na somo hili.