Chanjo Ikija, Nani Hubaki Nyuma?

Somo letu leo ni juu ya haki.

TUONE: Machi 2021 Kenya ilipokea chanjo za kwanza za Korona kupitia mpango wa COVAX, dozi zaidi ya milioni moja. Halafu India, iliyokuwa ikizitengeneza, ikazizuia kwanza kwa watu wake, nasi tukangoja. Wakati huo nchi kadhaa tajiri zilikuwa zimeagiza dozi kupita idadi ya watu wao.

TUPIME: Hizo chache zilizofika, je, zilimfikia kila mtu? Kujiandikisha kuliwekwa kwenye mtandao. Nyanya asiye na simu, tena yuko mbali na dispensari, angefanyaje? Tukilaumu matajiri wa ng'ambo, tujiangalie pia sisi wenyewe.

TUTENDE: Tusingoje ugonjwa mwingine.
1. Tuwe na daftari la wazee, walemavu na wagonjwa wa kijiji.
2. Wawili wetu waende dispensari waulize: dozi ngapi, siku gani?
3. Tarehe itangazwe kanisani, msikitini, sokoni na kwa baraza la chifu.
4. Akiba ya kikundi ilipie bodaboda ya wasiojiweza.
5. Dozi zikiwa chache, walio hatarini watangulie, si jamaa za mwenyekiti.

Mwenye hofu asichekwe wala kulazimishwa. Apelekwe kwa muuguzi, aulize mpaka aridhike.

Maswali ya kujadiliana:
- Mwaka 2021, nani kijijini kwetu alikosa, na kwa nini?
- Daftari letu atalishika nani?