KUCHORA KANUNI ZA BIASHARA

Kila biashara ina kanuni zake: nani akopeshwe, nani apunguziwe bei, nani akataliwe. Siku hizi mahali pengi kanuni hizo hukabidhiwa kompyuta. Programu inayozishika huitwa injini ya kanuni. Hupewa habari za mtu, huzilinganisha na masharti ya kila kanuni, na masharti yakitimia hutoa uamuzi. Nataka kuwaeleza, wasomaji wenzangu, kwa nini yafaa kanuni zichorwe kabla ya kuaminiwa.

Tuchukue mfano wa chama kipya cha kuweka na kukopa, nilioutunga mwenyewe:

1. Aliyeweka akiba miezi 6 ni mwanachama kamili.
2. Mwanachama kamili mwenye wadhamini wawili apewe mkopo.
3. Mdhamini awe mtu aliyekwisha kulipa mkopo wa chama hiki.
4. Anayedaiwa na duka la chama asipewe mkopo.

Ukizisoma moja moja, kila moja ina busara. Sasa chukua kalamu. Andika kila jambo ndani ya duara: akiba, mwanachama kamili, wadhamini, mkopo, mkopo uliolipwa, deni la duka. Kisha chora mshale kutoka kila jambo kwenda kwa lile linalolitegemea. Mchoro huu nao huitwa grafu, ingawa si ile tunayoichora katika hesabu.

Fuata mishale kwa kidole. Wadhamini waelekea kwenye mkopo. Mkopo kwenye mkopo uliolipwa. Nao huo warudi kwa wadhamini. Ni kitanzi kisicho na mlango. Chama ni kipya, hakuna aliyewahi kukopa. Basi hakuna mdhamini, na kwa hiyo hakuna atakayekopa, hata akiweka akiba miaka 10. Kitanzi si kosa siku zote. Kama wajumbe wa kamati wangeruhusiwa kuwadhamini wakopaji wa kwanza, mlango ungepatikana.

Tazama tena duara la mkopo. Mshale mmoja waingia na "apewe", mwingine na "asipewe". Mwenye wadhamini wawili ambaye pia anadaiwa dukani ataamuliwaje? Hapana budi wanachama waseme kanuni ipi ina nguvu zaidi, kwa maana kompyuta haiwezi kujua nia yao.

Kompyuta yenyewe nayo hutumia grafu. Mwaka 1974 Charles Forgy wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alieleza njia iitwayo Rete, neno la Kilatini lenye maana ya wavu. Sharti linalotumiwa na kanuni nyingi hupimwa mara moja tu, na jibu lake hutunzwa. Habari ikibadilika, hupimwa tena yale tu yanayoguswa. Mwaka 1978 John McDermott wa chuo hicho aliandika programu ya R1, ya kuchagua vipande vya kompyuta za VAX kwa kila mteja. Baadaye kanuni zake zilifika maelfu, nazo haziwezi kushikwa kichwani.

Wazazi walio katika vyama wanaweza kujaribu mchoro huu kwa masharti yao.

ZOEZI: Andika kanuni 5 za kuazima vitabu maktabani, uzichore, kisha ujibu: (a) Je, kuna kitanzi? (b) Je, kuna duara lenye mishale inayopingana? (c) Je, kuna duara lisilofikiwa na mshale wowote, nalo si mwanzo?